Tumpe Mzee Nini? Parkinson na Nafuu Yake Katika Nyumba za Gusii



Abagusii wametafuta tiba ya kichwa tangu zamani. Omobari omotwe, yaani mpasuaji wa kichwa, alimpasua kichwa mtu aliyepigwa au kuanguka akabaki na maumivu yasiyoisha, akakwangua fuvu, na madaktari wa upasuaji wakaja kuiandika kazi yake. Lakini yeye alikuwa na jeraha la kufuata. Ugonjwa wa Parkinson hauachi jeraha. Seli zinazotengeneza dopamini hufa ndani kabisa ya ubongo, na mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakufa. James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuzuia usiendelee. Kwa hiyo mtoto anayeniuliza, "Tumpe mzee nini?", namjibu habari ya nafuu.

Wengi huniuliza kuhusu upupu. Hawakosei kuuliza, kwa maana mbegu zake zina levodopa, dawa ileile iliyo katika vidonge vya hospitali. Mwaka 2017 watafiti waliofuatilia wagonjwa 18 nchini Bolivia walichapisha kwamba unga wa mbegu zilizokaangwa uliwalegeza miili vizuri. Ila 18 ni wachache mno. Unga huo hauna karbidopa, inayopunguza kichefuchefu, na mbegu za shamba hili hazilingani nguvu na za shamba lile. Mzee anayemeza vidonge akiongezewa upupu kwa siri anaweza kuanza kujinyonganyonga bila kutaka, au presha ikashuka akaanguka. Mwambieni daktari kwanza.

Chakula kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maharagwe, maziwa na nyama hushindana na levodopa kuingia mwilini, basi kidonge kimezwe dakika 30 hivi kabla ya kula, na kwa baadhi ya wagonjwa nyama huachiwa jioni. Mboga za chinsaga na uji wa wimbi husaidia kulainisha choo, kwa maana kufunga choo huwatesa wagonjwa hawa miaka mingi. Miguu ya mzee ikiganda mlangoni, msimvute. Mhesabieni moja, mbili, au mwimbieni wimbo wa Sabato anaoupenda. Mdundo huamsha hatua. Nimeona mabinti wakifanya hivyo kwa upole unaonigusa hadi leo.

Lipo jambo zito zaidi. Parkinson hukausha uso, hushusha sauti, na baadhi ya wagonjwa huona watu wasiokuwapo. Katika vijiji vyetu dalili kama hizo zinaweza kugeuzwa ushahidi wa uchawi. Mei 2008, watu 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa Marani. Sidai kwamba walikuwa na Parkinson. Nasema familia inayoficha jina la ugonjwa inamwacha mzee wake bila ngao. Litajeni kanisani, kwa chifu, kwa majirani.

Nanyi maafisa wa kliniki, mzee akiletwa kwa kuona vitu, msikimbilie haloperidoli. Dawa hiyo huizuia dopamini kidogo iliyobaki isifanye kazi, na inaweza kumkaza mwili asiweze hata kumeza. Angalieni kwanza kama ana maambukizi, kisha pitieni upya dawa zote anazomeza, pamoja na ule unga wa upupu ambao mkewe huenda hakuutaja.