Flashi ya Kikundi: Tununue Ipi?

(Mazungumzo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya kitu kidogo kuliko kidole, ambacho siku hizi ndicho kimebeba hesabu zenu: flashi. Daftari lisitupwe, hapana. Lakini orodha ya wanachama, katiba ya kikundi, mikopo na barua za kuomba msaada huchapwa kule saiba, kisha zinatiwa ndani ya flashi ya katibu. Sasa flashi ikifa wiki moja kabla ya kugawana, nani ataonyesha ni nani amemaliza mkopo na nani bado? Watu wataanza kutazamana vibaya, hata kama hakuna aliyeiba senti.

Basi tuanze na umbo. Ndani ya flashi hakuna kitu kinachozunguka, kwa hiyo ikianguka sakafuni mara nyingi haidhuriki. Inapovunjika ni pale mdomo wake unapoungana na kibao cha ndani. Imechomekwa kwa kompyuta, mtu anapita, anaigonga na goti, kwisha. Kwa sababu hiyo sisi tunapendelea flashi fupi, ya chuma, ambayo mdomo na mwili ni kitu kimoja. Zile za plastiki iliyounganishwa na gundi hupasuka kama ganda la njugu. Zile za kusukuma mdomo utoke na kurudi ndani, kisukumio hulegea: unachomeka, mdomo unarudi nyuma. Zenye kifuniko si mbaya, ila kifuniko chenyewe tunajua kitapotea, na vumbi litaingia. Na zile ndogo kama ukucha zinasahaulika kwa kompyuta ya watu.

Tafuta yenye tundu la kamba, uifunge kamba nyekundu. Akina mama hufunga flashi kwa pembe ya leso, na leso hufuliwa. Ikilowa usiichomeke! Iache kivulini siku kadhaa ikauke kabisa, nyingi hupona.

Ukubwa usiwasumbue. Flashi za kwanza kuuzwa, mwaka wa 2000, zilibeba MB 8 tu, na hata hizo zingetosha hesabu za wanachama 30. GB 16 au 32 ni nyingi, pamoja na picha za miradi. Kama kikundi kinatumia simu kuliko kompyuta, kuna zenye midomo miwili, mmoja wa kompyuta na mwingine wa simu.

Lakini hapa tusimame kidogo, maana wengi wanaumizwa hapa. Sokoni utaonyeshwa flashi imeandikwa GB 1000 kwa bei ya kilo mbili za sukari. Hiyo ni ya uongo. Wamebadilisha tu kile inachoiambia kompyuta. Ndani ina nafasi ndogo, na ikijaa, mnachoongeza kinapotea au kinafuta cha zamani, huku majina ya faili bado yanaonekana vizuri! Mtagundua siku ya kufungua. Kwa hiyo nunueni kwa duka lenye risiti, na kabla ya kuweka hesabu, mwambieni kijana wa saiba aipime kwa programu ya H2testw, ambayo ni ya bure. Inaijaza flashi yote kisha inasoma tena. Inachukua muda, lakini ngojeni.

Kompyuta za saiba pia zina virusi. Ukiona folda zote zimegeuka kuwa vishale vidogo, usizibofye. Mara nyingi faili zenu zimefichwa tu, mwenye ujuzi atazirudisha. Na kwa vile orodha ina nambari za vitambulisho na simu za watu, wekeni neno la siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inawagusa hata nyinyi.

Mtuulize sasa: hiyo ya chuma itadumu miaka mingapi? Hakuna anayeweza kuwaahidi. Flashi huchoka kwa kuandikwa na kufutwa, na ikikaa miaka bila kuwashwa, hasa kwenye joto la chini ya bati, yaliyomo yanaweza kupotea. Ndiyo sababu tunasema nunueni mbili za kawaida badala ya moja ya bei kali. Moja kwa katibu, ya pili kwa mweka hazina, nyumba mbali mbali. Kila mkutano wa mwezi faili zinakiliwa kwa zote mbili, na moja inafunguliwa mbele ya wanachama waione.

Mama yule wa nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja leso. Karibu, mama.