Vioo Vinavyoelekeza Mwanga

Katika vituo vya data, yaani majengo yenye maelfu ya kompyuta zinazofanya kazi kwa pamoja, taarifa husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za faiba, lakini kila zinapofika kwenye swichi ya kawaida hubadilishwa kuwa umeme, anwani zake zikasomwa, kisha zikarudishwa kuwa mwanga, na ugeuzaji huo unaorudiwa bila kukoma hula nishati na kuzalisha joto ambalo nalo halina budi kupozwa. Swichi ya mwanga huondoa usumbufu huo. Katika ile iitwayo Palomar, iliyobuniwa na kampuni ya Google ya Marekani, mwali hutoka kwenye uzi mmoja, hugonga kioo kidogo mno kinachoinamishwa kwa nguvu ya umeme, huakisiwa hadi kioo cha pili, kisha huingia katika tundu lililochaguliwa kati ya 136, pasipo kifaa chochote kusoma kilichomo.

Kutosoma huko ndiko ubora wake mkubwa, kwa kuwa kasi ya mitambo inapoongezwa vioo ni vilevile. Udhaifu wake ni kwamba kuvigeuza vioo huchukua milisekunde kadhaa, muda mrefu mno kwa kuelekeza pakiti, yaani vifurushi vidogo vya taarifa, moja moja. Mwaka 2022 Google ilieleza kwamba mtandao wa vituo vyake vya data uitwao Jupiter, unaotumia swichi za mwanga, baada ya kuondolewa safu ya juu ya swichi za umeme, ulipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 41, punguzo linalostahili kuthaminiwa sana wakati huu ambapo mitambo ya akili mnemba inazidi kudai umeme.