Tununue baiskeli, lakini tuanze na fundi
Maneno ya mwanachama anayeishi Karatu, katika mkutano wetu wa mwaka

 

Mwaka jana tulijadili kuwanunulia baiskeli wanafunzi wanaotoka maboma ya mbali. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana wangu, wewe umewahi kuja nyumbani kwa baiskeli?" Watu wakacheka. Nilinyamaza, kwa sababu siku zote nimekuja kwa gari.

Basi mwezi wa saba nikapanda baiskeli Karatu, nikashika njia ya Engaresero. Ni zaidi ya kilomita 120. Zilinichukua siku tatu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa kulia, nilibana breki hadi rimu zikawa za moto, nikasimama mara mbili zipoe. Mto wa Mbu nilikula ndizi nyekundu sita, nikajiona bingwa.

Ubingwa uliishia baada ya Selela. Siku ya pili nilipata pancha tano. Mbigili moja, kisha mwiba wa oltepesi, kisha mbigili tena. Pancha ya nne nikakuta solusheni imekauka. Nilikaa kivulini hadi kijana mmoja wa pikipiki akasimama. Alikuwa na solusheni yake. Maji ya kutafutia tundu hatukuwa nayo ya kupoteza, kwa hiyo alijaza tyubu upepo, akaipitisha taratibu karibu na midomo yake mpaka akausikia upepo unapotokea. Nilimpa hela akakataa. Alitaka tu kujua mimi ni mtoto wa nani.

Siku ya tatu, chini ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, nilisukuma baiskeli kuliko nilivyoiendesha. Mchanga na majivu ya mlima vilimeza tairi, upepo ukanipiga usoni, mnyororo ukalia kama panya. Maji yakaniishia. Nikaingia boma moja. Watoto wakaja wakainamisha vichwa niwaguse, na mama mwenye boma akanipa chai ya maziwa, vikombe vitatu, kabla hajaniuliza natoka wapi. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Hapo bomani ndipo nilipoona jambo lililonileta mbele yenu. Kwenye ua palikuwa na baiskeli nzuri, matairi yamelala, kuku wamelala juu yake. Mama alisema kijana wake alipewa na wafadhili. Ilipata pancha mwezi wa kwanza. Fundi yuko Engaruka, na nauli ya kuipeleka inazidi bei ya kiraka. Kijana amerudi kutembea kwa miguu.

Ndugu zangu, ile baiskeli haikuwa mbovu. Ilikosa kiraka, solusheni na mtu wa kuibandika.

Kwa hiyo naomba michango ya mwaka huu tuigawe hivi. Kama fedha zinatosha baiskeli 20, tununue 15. Kila moja iwe na tairi nene, pampu, viraka na tyubu mbili za akiba. Kinachobaki tuwapeleke vijana wawili wa kijiji, mmoja awe binti, wakajifunze kwa fundi wa Mto wa Mbu. Wakirudi tuwape boksi la spana na kibanda karibu na shule. Wanafunzi watengenezewe bure, watu wengine walipe, ili vipuri visiishe.

Najua picha ya baiskeli nyingi mpya inapendeza kwenye kijitabu hiki kuliko picha ya boksi la spana. Lakini mtoto hafiki shuleni kwa picha.

Jioni ile nilifika mtoni kwetu, nikaingia majini na viatu vyangu. Yule mzee alinikuta hapo. Akaitazama baiskeli, akaitazama miguu yangu iliyochubuka, akasema, "Haya, sasa zungumza."

Nimezungumza, mzee wangu. Naanza mimi: naahidi tyubu za akiba za baiskeli tano za kwanza. Nani ananifuata?