Mdomo wa Kuku: Angalia Kwanza, Dawa Baadaye

Leo tuzungumze habari ya mdomo wa kuku. Kuku akiacha kula, wengi wetu tunakimbilia dukani kununua dawa. Hebu kwanza mshike, mpeleke penye mwanga, umfungue mdomo polepole.

Utaona nini? Meno hana, punje humezwa nzima, zikasagwe na firigisi. Juu kuna ufa mrefu unaoelekea puani. Huo si kidonda, ndivyo alivyoumbwa. Nyuma ya ulimi kuna tundu dogo linalofunguka na kujifunga. Hapo ndipo anapopumulia. Kwa hiyo usimmiminie dawa kwa nguvu. Ikiingia humo utamuua.

Sasa tuje kwa magonjwa. Ukikuta utando wa manjano ulioganda mdomoni, huenda ni ndui ya kuku. Angalia na wenzake: je, wana vigaga kwenye upanga na kando ya macho? Ndui huletwa na virusi, na mbu huieneza. Hakuna dawa ya kuiponya. Antibiotiki haziui virusi, ila daktari wa mifugo anaweza kuzitoa vidonda vikioza. Utando usiubandue, utatoka damu. Ukiziba lile tundu, kuku hukosa pumzi akafa.

Lakini vipele vidogo vyeupe mdomoni, bila vigaga popote, vinaweza kuwa upungufu wa vitamini A. Wape kuku mchicha, sukuma wiki na mahindi ya manjano. Magonjwa mengine hufanana na haya, basi ukiwa na shaka mwite afisa wa mifugo.

Kinga ya ndui ni chanjo. Hudungwa kwenye ngozi ya bawa, kuku akiwa mzima. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia pale. Pakiwa na kivimbe au kigaga, chanjo imeshika. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa hailali. Mama mwenye kuku sita akinunua peke yake ni hasara, lakini kikundi kikichanga, kila mtu hutoa kidogo. Mwageni pia maji yaliyotuama karibu na mabanda, mbu wapungue.

Basi kabla hatujaachana leo, tupange siku ya chanjo na tuandike kila nyumba ina kuku wangapi.