Maadili ya Kazi ya Yaya

Maadili ya yaya huanza na usalama wa mtoto: hamwachi peke yake karibu na jiko au ndoo ya maji, hampigi, wala hampi dawa bila idhini ya mzazi. Mtoto akianguka au akipata homa, yaya humweleza mzazi mara moja bila kuficha. Siri za nyumba huzitunza, na picha za mtoto hazisambazi mtandaoni.

Mwajiri naye ana wajibu. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi yake na apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Mzazi na yaya wakubaliane kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.