Somo la Redio: Usafi na Msichana wa Kazi

Wanafunzi wa Kyela, mvua zikizidi, mito ya Kiwira na Songwe hufurika. Uchafu wa vyoo huingia visimani, na kipindupindu huweza kufuata.

Basi mama, usimkaripie msichana wako wa kazi mbele ya wageni. Aliyeaibishwa huficha ugonjwa, na mficha maradhi kifo humfichua. Mketishe faraghani, umwambie: “Mwanangu, hapa tunanawa kwa sabuni tukitoka chooni na kabla ya kupika. Maji ya kunywa tunachemsha. Ukiharisha, niambie upesi, sitakufukuza.”

Kisha mpe sabuni na taulo lake mwenyewe. Kumdai usafi bila kumpa sabuni si haki. Nawe unawe, akuone.

Swali: Nyumbani kwako, sabuni ya msichana iko wapi?