Popo wa Kahuzi ni wetu pia

Ndugu vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Tunajua wengine watacheka: watu hawana maji wala kazi, sisi tunaongea popo! Lakini tusikilizane.

Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza aina mpya ya popo, wakamupa jina la mlima wetu: Rhinolophus kahuzi. Ng'ambo ya Ruzizi, katika pori la Nyungwe, popo mwingine aliyepotea miaka 40 alionekana tena mwaka 2019. Rwanda walifanya vile kwa ushirikiano: serikali, shirika lao la wanyama, na wafadhili wa Marekani.

Sisi tuko na Lwiro, kituo cha utafiti tangu 1947. Tuko na diploma za biolojia zinalala chini ya kitanda. Kinachokosa ni franga na mikataba ya wazi.

Wafadhili, changieni, lakini vijana wa hapa waajiriwe na hesabu zitangazwe. Na sisi, hata bila kazi, kila mmoja atoe franga 1000 kwa mwezi, za tochi na daftari za watafiti wetu. Hesabu yetu pia tutaibandika hadharani.

Popo huyu anakula wadudu usiku kucha, bila mushahara, kama sisi. Tusimushike, tusimuue. Tumulinde.

Mapambano inaendelea!